Bi Sikudhani, Kipimo cha Ulingano

Wanaoniuliza kama Ulingano ni nchi ya kweli huwa nawajibu kwamba chai ya huko niliinywa ikaniunguza ulimi, na kitandani huko nililala nikaota kama ninavyoota kwangu. Zaidi ya hapo sina ushahidi. Nitaeleza nilichokiona, tena kwa mpangilio, maana nimekuwa mwalimu mkuu sehemu kubwa ya maisha yangu na sijui kueleza kwa namna nyingine.

Nilitumwa huko. Katika wilaya yetu, wasaidizi wa darasani walikuwa wanaokotwa tu. Nazungumzia wale wanaokaa na watoto wenye shida ya kusikia, kuona au kushika masomo, wakati mwalimu anafundisha darasa zima. Huyu alikuwa shemeji wa diwani, yule alikosa kazi mjini. Wapo waliokuwa wazuri mno, wapo waliosinzia, na mmoja tulimkuta akimfinya mtoto asiyeweza kusema. Baada ya huyo, kamati yetu ikaamua kwamba lazima kuwe na viwango, na atakayevifikia apewe cheti. Lakini viwango gani? Tulibishana mpaka tukachukiana. Ndipo tukasikia kwamba Ulingano wamelimaliza jambo hilo, na tangu walimalize hawajapokea lalamiko hata moja. Nikaambiwa, nenda ukajifunze.

Aliyenipokea ni Bwana Kirumbi, Katibu wa Baraza la Viwango, mtu mwembamba na mpole, ambaye hakuwa akikusemesha mpaka umalize kumeza. Hakunipeleka ofisini. "Tuanze na darasa, Mwalimu," alisema. "Maneno yatafuata."

Shule ilikuwa safi na watoto wametulia. Katika darasa la kwanza tuliloingia, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amekaa kushotoni kwa mtoto asiyeona vizuri. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kitu ukutani. Mtoto alipokwama, msaidizi akagusa ncha ya sikio lake mwenyewe, akasema, "Haya, mwanangu. Taratibu." Kwenye neno la mwisho sauti yake ilikatika kidogo, ikashikwa, kisha ikaendelea. Akakohoa kikohozi kifupi, kikavu.

Nilipenda. Nilimwona ni mtu mwenye moyo.

Tukaingia darasa la pili. Msaidizi alikuwa mwanamume wa miraba minne mwenye ndevu. Amekaa kushotoni kwa mtoto, kichwa kimeinama upande. Akagusa ncha ya sikio. "Haya, mwanangu. Taratibu," akasema, kwa sauti nyembamba isiyo yake, nayo ikakatika palepale. Akakohoa.

Katika darasa la tatu nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Madirisha ya shule ile yalikuwa wazi, na kutoka kila chumba nilisikia sauti ileile ikisema maneno yaleyale, mara huku, mara kule, kama vile kuna mwanamke mmoja nisiyemwona anayepita chumba hadi chumba akitafuta mtoto wake.

"Wote hawa walifundishwa na mtu mmoja?" nilimuuliza Bwana Kirumbi.

"Hapana. Walipimwa kwa mtu mmoja," alisema. "Ni jambo tofauti."

Ofisini, tukinywa hiyo chai iliyoniunguza, alinieleza. Baraza lao nalo lilibishana kama letu. Mmoja alitaka kidato cha nne. Mwingine alitaka upole, akaulizwa upole utapimwa kwa kilo au kwa mita. Mwingine alitaka subira, akaambiwa hata fisi ana subira. Siku moja mjumbe aliyechoka, aliyetaka kwenda nyumbani tu, akasema, jamani, si awe kama Bi Sikudhani wa Shule ya Mtoni? Kila mmoja alimjua Bi Sikudhani. Hakuna mzazi aliyewahi kumlalamikia, na watoto walioshindikana kwingine walikuwa wakipelekwa kwake. Kura ikapigwa, ikapita sheria ya mstari mmoja: msaidizi wa darasani atakuwa kama Bi Sikudhani.

"Ni sheria nzuri," nilisema, na niliamini hivyo.

"Nzuri sana. Shida ilikuwa hilo neno 'kama'. Kama, kwa kiasi gani? Wanasheria wakatuambia tukamwangalie. Tukakaa darasani kwake wiki nzima, tukashika kila kitu: anakaa upande gani, anainamishaje kichwa, anasema nini, anakohoa vipi. Kisha ikatuingia hofu. Binadamu hubadilika, Mwalimu. Mwakani angeweza kukaa vingine, na wote tuliowapa vyeti wangekuwa wamekosea bila kufanya kosa."

"Mkafanyaje?"

"Tukakihifadhi."

"Mkahifadhi nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Kipimo," alisema.

Alinipeleka kukiona. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la Baraza, kimepakwa chokaa, madirisha yamezibwa upepo usiingie. Katikati kulikuwa na dawati moja la shule. Upande wa kulia wa dawati alikalishwa mtoto wa pamba aliyevikwa sare, asiye na uso. Kushotoni kwake alikuwa amekaa mwanamke mzima, kichwa kimeinama upande. Nywele zake zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi, lakini kwenye mashina mvi zilikuwa zinachungulia. Ukutani walisimama walinzi wawili wa Kipimo. Kazi yao, kama Katibu alivyonieleza, ni kumkariri. Asubuhi wanamwangalia, jioni wanamwangalia, na wakiona amekengeuka wanamkumbusha kwa maneno. Kumgusa ni marufuku, maana kitu kinachoguswaguswa hubadilika.

"Kimelala vizuri?" Katibu aliwauliza.

"Kimelala vizuri," mlinzi alijibu. "Kimekunywa uji nusu."

Nilisogea. Sikujua niseme nini, basi nikasema nilichofundishwa na mama yangu. "Shikamoo, Bi Sikudhani."

Macho yake yalinyanyuka, kichwa kikabaki vilevile. "Marahaba, baba. Umetoka mbali?"

Walinzi wakatazamana. Midomo yao ikaanza kusogea bila sauti, wakirudia: umetoka mbali, umetoka mbali. Bi Sikudhani akawaona. Mkono wake ukapanda polepole mpaka kwenye ncha ya sikio. "Haya, mwanangu. Taratibu," alimwambia mtoto wa pamba. Sauti ikakatika pale pale.

Nikatoka nje kutafuta hewa.

Kesho yake palikuwa na kupima, nami nikaalikwa kushuhudia. Mwenyekiti wa Baraza, Bi Raya, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na wajumbe walikaa kando yake kwenye viti vya mbao. Mtahiniwa alikuwa mmoja tu, mwanamke kijana aitwaye Mkejina. Yeye alikuwa amekaa na mtoto wa jirani yake darasani muda mrefu bila cheti, kwa kuwa mama wa mtoto alimwomba. Sasa sheria ilikuwa imemfikia: apate cheti au atoke. Aliomba apimwe akiwa na mtoto huyohuyo badala ya yule wa pamba, na kwa kuwa sheria haikukataza, wakamruhusu. Mtoto aliitwa Zuwena. Alikuwa msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa vizuri, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Kulia alisikia.

Dawati la pili likawekwa sambamba na la Kipimo. Mkejina akamkalisha Zuwena, kisha akakaa kuliani kwake.

"Kushoto, mama," Bi Raya alimwambia kwa upole.

"Samahani, Mwenyekiti. Kushoto hasikii."

"Tunakuelewa. Lakini tazama Kipimo kinakaa wapi."

Mkejina alimtazama Bi Sikudhani. Akainuka, akazunguka, akakaa kushoto. Mwalimu wa majaribio akaandika neno ubaoni, na Mkejina akainama kumnong'oneza mtoto. Zuwena hakusikia kitu. Alitazama ubao, akatazama wale watu wazima kwenye viti, na mdomo wake ukaanza kutetemeka. Kisha akafanya jambo la akili kuliko yote niliyoyaona Ulingano: aligeuka mzimamzima juu ya benchi, akaupa ubao mgongo, ili sikio lake zima liwe upande wa Mkejina.

Wajumbe wakanong'onezana. Mzee mmoja akataka kujua kama msaidizi sasa yuko kushoto au kulia. Mwenzake akasema kushoto kwa darasa ndiko kunakohesabika, kwa hiyo amefaulu. Wa tatu akasema hapana, ni kushoto kwa mtoto, na mtoto amegeuka, kwa hiyo amefeli, ingawa aliyesababisha afeli ni mtoto. Bi Raya akauliza kama kuna kanuni inayosema mtoto atazame wapi. Hakukuwa na kanuni. Mmoja akapendekeza itungwe. Walizungumza kwa adabu, wakipeana nafasi, na muda wote huo yule mtoto alikuwa amewapa wote uso wake uliojaa machozi, maana kugeuka kulimfanya atutazame sisi.

Ndipo Bi Sikudhani akasimama.

Nilisikia mlinzi akivuta pumzi. Mifupa ya magoti ya yule mama ililia. Alinyoosha shingo iliyokuwa imeinama miaka yote hiyo, akaizungusha kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli la zamani. Akapita mbele ya wajumbe, akachuchumaa kuliani kwa Zuwena, akamwinamia sikio.

"Unaitwa nani, we mrembo?"

"Zuwena."

"Zuwena. Na huyo aliyekusuka nani?"

"Mama Mkejina."

"Anasuka vizuri. Geuka basi tutazame ubao pamoja."

Zuwena akageuka, na Bi Sikudhani akazunguka naye, akabaki upande wa sikio zima. Chumbani hapakusikika kitu isipokuwa walinzi, wakinong'ona haraka haraka, wakijaribu kushika yote.

Bi Raya alikuwa amekuwa mweupe mdomoni. "Bi Sikudhani," alisema, "umehama. Miaka yote umekaa kushoto. Kwa nini umehama?"

"Kule Mtoni, upande wa kulia palikuwa panavuja," alisema. "Mlikuja masika. Ningekaa kulia ningelowa."

"Na kichwa?" mjumbe mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu. "Kuinamisha kichwa?"

"Jino lilikuwa linaniuma, baba. Na sikio nilikuwa nimetoga upya likaoza. Na kikohozi ni kikohozi tu, wiki ile kila mtu alikuwa nacho."

Hakuna aliyecheka. Bwana Kirumbi alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyeuliza la mwisho, na nadhani hakutaka kuliuliza. "Na sauti? Pale inapokatika?"

Bi Sikudhani aliweka kiganja mgongoni kwa Zuwena.

"Wiki ile mlipokuja nilikuwa nimemzika mwanangu," alisema. "Alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Usiku alikuwa anahangaika anataka kuinuka, nami namwambia, haya, mwanangu, taratibu. Akaenda. Nilirudi kazini kwa sababu nyumbani palinishinda. Maneno yale yalikuwa yamebaki mdomoni, sikuwa na mengine. Mkaja mkayachukua." Akawageukia. "Kabla ya hapo sikuwahi kumwambia mtoto wa mtu hivyo. Kila mtoto nilikuwa namwambia lake."

Niliwaza shule zote za nchi ile na madirisha yaliyo wazi. Niliwaza yule mwanamume mwenye ndevu, akijifunza mbele ya kioo mahali pa kukata sauti. Nchi nzima ilikuwa ikifundisha watoto wake kusoma kwa sauti ya mama mmoja kando ya kitanda cha mtoto anayekufa. Nilitaka mtu aseme neno lolote la kawaida.

Aliyesema ni yule mzee wa kushoto na kulia. Aliuliza taratibu, kwa heshima ya kweli, "Basi Mwenyekiti, hawa wote tuliowapa vyeti, je, tuliwauliza kama wamefiwa?"

Wajumbe wakainamisha vichwa, wakifikiri. Niliona kwamba wanafikiri kweli.

"Hatukuwauliza," Bi Raya alisema. "Ni pengo." Akamgeukia Mkejina, na sauti yake ilikuwa laini kama anayemwuliza mgonjwa kama amekula. "Mama, wewe umewahi kuzika mtoto?"

"Sijawahi," Mkejina alisema. "Sina hata mtoto."

"Bado," mjumbe mmoja akamwambia mwenzake, kama anayemsaidia mtahiniwa.

Mkejina alilisikia neno hilo. Alimbeba Zuwena kiunoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kubebwa, akaelekea mlangoni. Bi Sikudhani akamfuata. Walinzi walisogea kumzuia, wakanyoosha mikono, mikono ikabaki hewani. Sheria iliwakataza kumgusa. Zaidi ya hapo, lolote ambalo Kipimo kingefanya ndilo lililokuwa sahihi. Walijibana pande mbili za mlango, naye akapita katikati yao.

Asubuhi iliyofuata nilitembea mwenyewe mpaka ile shule ya kwanza. Sauti haikuwepo. Katika kila darasa watoto wale walikuwa wamekaa peke yao, na kushotoni kwa kila mmoja palikuwa na nafasi tupu kwenye benchi. Mtoto asiyeona vizuri alikuwa amelaza mkono wake pale kwenye nafasi, anapapasa ubao wa benchi. Mwalimu aliendelea kufundisha. Nilimuuliza wasaidizi wako wapi.

"Wametoka," alisema. "Tangazo lilikuja alfajiri. Kipimo kimetoka chumbani, kwa hiyo na wao wametoka. Wote wamefaulu."

"Na watoto?"

"Wanangoja," alisema, akageukia ubao.

Nilimkuta Bwana Kirumbi barabarani na walinzi wake, hajalala, kola imelegea. Walikuwa wanakitafuta. Alinieleza kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba nchi nzima imesimama inangoja kujua ifanye nini, na kwamba wao hawatakigusa, watakitazama tu. Nilimwambia amwache yule mama. Nilimwambia kwamba kwetu tulikuwa na msaidizi anayefinya watoto, na hata hivyo nisingebadilishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Ulipokuja kwetu, Mwalimu, ulikuwa unataka nini?" aliniuliza.

"Nilitaka kitu cha uhakika," nilisema.

"Na sisi pia," alisema, bila ubishi wowote, akaendelea kutembea. Nikamfuata, kwa kuwa niliogopa watakachofanya wakimpata.

Bi Sikudhani na Mkejina walikuwa kwenye shule ya Zuwena, shule ndogo ya nje ya mji. Mwalimu wa pale hakuwa amelisoma tangazo, au alikuwa amelisoma akalikunja. Tulisimama dirishani. Mkejina alikuwa kuliani kwa Zuwena, hana cheti wala haonyeshi kujali. Bi Sikudhani alikuwa ameketi benchi la nyuma yao pamoja na watoto wengine, magoti yake hayaingii chini ya dawati, khanga imemteleza begani. Zamu ya kusoma ilikuwa ya Zuwena.

"Kaka," Zuwena alisoma, kidole kwenye kitabu, "ametaga yai."

"Kanga," Mkejina akamnong'oneza sikioni. "Kanga ametaga yai."

Lakini darasa lilikuwa limeshasikia. Mvulana wa mbele akamgeukia kaka yake, akachungulia chini ya kiti chake kama kuna yai. Na nyuma yao Bi Sikudhani akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kizuri. Kilianza juu sana kama mlio wa bawaba, kikamshinda, akafunika uso kwa khanga, na mwishoni kabisa kikakoroma puani. Zuwena aliposikia ule mkoromo na yeye akacheka, na darasa zima likamfuata, mwalimu akiwemo. Niligundua kwamba tangu nifike Ulingano nilikuwa sijasikia mtu akicheka. Nilicheka pia, machozi yakanitoka, nikasahau niliosimama nao.

Nilipowageukia, Bwana Kirumbi alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa umejaa faraja, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amefungua macho.

"Kimecheka," alisema.

Nilimshika mkono. Nilimsihi. Alinipigapiga kiganja kwa upole, akatoa mkono wake, akawatazama walinzi. Wao walikuwa wameshasogea chini ya ukuta, mahali ambapo darasa lisingewaona. Sikuweza kukaa. Niliondoka uwanjani nikielekea lango, na nyuma yangu kicheko cha watoto kilikuwa bado hakijaisha.

Kilipoisha, nilisikia kingine. Mlinzi mmoja alianzia juu, akashuka, akanyamaza.

"Siyo," mwenzake akamwambia. "Mwishoni kinakoroma kidogo. Rudia."

Akarudia.